Kitovu cha Guangzhou

Jumamosi, kwenye tramu ya Croydon, mama mmoja alimpigia video rafiki yake aliyeko Guangzhou, China. Alitaka binti yake, aliyezaliwa huko, auone mti wa uani mwa nyumba yao ya zamani, alipomzikia kitovu.

“Shoga, uani hapapo,” rafiki alisema. “Mtaa wote wa katikati ya mji wameuvunja. Palipokuwa na mti sasa pana kituo cha treni za chini ya ardhi.”

Mama akajiziba mdomo kwa kiganja. “Wamechimba mpaka kwenye udongo wetu?”

“Wameuzoa wote, dada. Sijui wameumwaga wapi.”

Binti akamshika mkono. “Mama, sasa kwetu wapi?”

Tumezoea kusema kwenu ndipo kilipozikwa kitovu chako. Waliotufundisha hivyo hawakuwahi kuuona mji unaohamisha hata udongo wake.