Waya wa Kurudi

Kwa miaka minne Dorkas alimwombea Eliamini mabaya kila asubuhi, kwa utulivu, kama mtu anayemwagilia kitalu cha mboga. Hakumwombea kifo. Kifo kingemfanya marehemu, na marehemu husifiwa. Alimwombea aibu, tena ya mchana, mbele za watu.

Eliamini alikuwa msimamizi wa ndiva, bwawa la udongo linalokinga maji ya mlima pale kitongojini kwao, upande wa Upare unaoitazama Kihurio kwa chini. Yeye ndiye aliyepanga nani afungulie maji lini. Wilbard, mume wa Dorkas, alikuwa na zamu ya Alhamisi. Alipofariki, baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji, likalia, watu waende kuzoa tope la ndiva. Dorkas akajifunga kanga, akabeba jembe, akaenda. Eliamini akamrudisha njiani: kuzoa tope ni kazi ya wanaume. Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba nyumba ya Wilbard haikutoa mtu msaragambo, kwa hiyo haina zamu. Alhamisi akaichukua mwenyewe.

Maharage ya Dorkas yalikauka yakiwa na maua. Maji aliyasikia, hatua kumi tu kutoka shambani kwake, yakipita mferejini kwenda kwa Eliamini, yakicheka na mawe.

Ndipo aliposhuka Same mjini, akauza uji mbele ya duka la fundi umeme Yahaya, na kati ya kikombe na kikombe akawa anatazama mikono ya fundi. Mwaka wa pili Yahaya alimpa bisibisi. Mwaka wa nne alirudi mlimani na mfuko wa vifaa begani. Kwa hiyo Eliamini aliponunua sola kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wake Irine, hakuwa na mwingine wa kumwita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Priska. Kumbe siku hizi ni fundi! Haya funga, ila usinichezee."

Dorkas akapandisha paneli juu ya bati, akaweka betri stoo, akavuta waya pacha hadi sebuleni, mwekundu na mweusi zimeshikana. Eliamini akaushika, akaugeuzageuza.

"Mbona ziko mbili?"

"Mmoja wa kwenda, mwingine wa…"

"Taa moja, nyaya mbili? Shamba moja nimewahi kulichimbia mifereji miwili? Mwekundu ubaki hapa. Mweusi utawasha taa ya banda la ng'ombe."

"Mzee, umeme siyo kama…"

"Nimegawa maji miaka ishirini. Leo utanifundisha kugawa?"

Akazichana nyaya kwa mikono yake, akauvuta ule mweusi mwenyewe hadi bandani. Dada yake Eliamini, Esta, alikuwa mlangoni anachambua mchele, akaona yote. Maelezo yalikuwa tayari mdomoni mwa Dorkas, sentensi mbili tu. Akayameza, yakateremka matamu.

"Sawa, mzee. Umesema wewe."

Jumapili, baada ya ibada, sebule ilijaa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani, na saa tisa mchana ndani kulikuwa na giza kama la magharibi. Eliamini, ndani ya koti jipya, akasimama kando ya swichi, ambayo alikuwa amekataza isiguswe hadi siku hiyo.

"Ndugu zangu, maji nimewagawia. Leo nagawa mwanga."

Akabonyeza. Giza. Akabonyeza tena, na tena.

"Mzee, labda umeme bado unapanda mlima," alisema jirani yake, Aminieli. "Tuusubiri."

"Au leo siyo zamu yako!" sauti ikatoka nyuma, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Eliamini akamwonyesha kidole Dorkas, aliyekuwa kati ya wageni. "Umeniharibia makusudi, wewe mwanamke!"

"Nilifunga nyaya mbili, mzee. Mmoja ukauhamisha."

"Kweli," alisema Esta. "Alitaka kukuambia, ukamkatiza mara mbili."

Dorkas aliwageukia watu. "Maji ya ndiva yakifika shambani, udongo unayanywa, basi. Umeme haunywewi. Unatoka upande mmoja wa betri, unapita kwenye swichi, unapita kwenye taa, unarudi kwenye betri kwa upande wa pili. Waya mweusi ndiyo njia ya kurudi. Ukiiondoa, umeme haukwami njiani. Hauondoki kabisa."

"Basi unga!"

"Nitaunga. Kwanza zamu yangu."

Mchungaji akakohoa. "Mama Priska, leo ni siku ya mtoto."

"Na lile shamba ni la mtoto, mchungaji. La Priska wangu."

"Tutaliongea Jumatatu," alisema Eliamini.

"Na mimi nitaunga Jumatatu."

Eliamini akawatazama wageni mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua macho kumsaidia.

"Haya. Alhamisi ni ya nyumba ya Wilbard."

"Ya nani?"

"Ya… ya Dorkas."

"Sasa kauchukue waya. Ulikoupeleka."

Akaenda. Akarudi na samadi kwenye viatu, amebeba ncha ya waya mweusi kama mtu aliyebeba nyoka. Dorkas angeweza kuipokea mlangoni. Akamwacha asimame nayo mbele ya watu, huku yeye akilegeza skrubu za taa polepole kuliko ilivyohitajika.

Alipounga, mwanga ukaruka juu ya vichwa vyote. Watoto wakapiga makofi. Eliamini akashusha pumzi, akanyoosha mkono kutafuta kiti.

"Bado, mzee," alisema Dorkas. "Ulisema gizani. Rudia hapa penye mwanga, watu wauone mdomo unaosema."

Eliamini akafuta mikono kwenye koti, akarudia: siku, saa ya kufungulia, saa ya kufunga. Alipofika kwenye jina la Dorkas akalinong'ona, na Dorkas akamwambia aanze upya.