Mikono ya Ukuta wa Ukumbi

Watu husema ukuta ule ulichorwa kwa sababu ya hotuba za umoja za miaka ile. Waache waseme. Mchoraji alikuwa baba yangu, mimi nilikuwapo, na ninajua kilichouchelewesha na kilichoumaliza. Hotuba haikupika hata kijiko kimoja cha bukari, ugali wa kwetu.

Tulikaa Lubumbashi, mtaa uliopakana na kambi ya wafanyakazi, wakati kampuni ya shaba ilipokuwa imekwisha kuwa ya serikali na kila mwanaume mwenye cheo alivaa abacost, lile koti lisilo na tai. Baba hakuwa mtu wa mgodi. Alichora vibao vya vinyozi, milango ya malori na kuta za baa, ambako alisifiwa sana kwa mamba-muntu wake, yule mwanamke nusu samaki mwenye nywele ndefu. Basi siku mkuu wa kambi alipomwita achore ukuta mrefu wa ukumbi, picha ya watu wote wa kambi kama jamaa moja, mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa utabachora nusu bantu, nusu samaki?" alimwuliza.

Baba alirudi kwenye rangi zake. Alifikiri siku kadhaa, akachagua bukari. Kambi ile ilikuwa na watu wa Kasai, wa Maniema, wa ziwa Mweru, Waluba na Wabemba, na kila kundi lilikuwa na kiburi chake na neno la kuwatania wenzake, lakini sahani ya bukari hakuna aliyeikataa. Akachora sahani moja kubwa katikati, na majirani halisi wameizunguka, kila mtu na sura yake. Juu yao akaandika kwa herufi nyekundu: Kidole kimoja hakiui chawa.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya ukumbi na ya nyumba yetu, palikuwa na baraza la fundi cherehani. Alikuwa mzee wa Kiislamu, watu wake wa Maniema, na babu yake, kwa maneno yake mwenyewe, alikuja na wafanyabiashara wa pwani. Alishona abacost za wakubwa wote, na mwanawe alikaa pembeni yake akitia vifungo. Kijana huyo nilimpenda. Sitazunguka maneno, nilimpenda mpaka nikawa naharibu bukari jikoni, na yeye alinipenda mimi.

Mzee hakunichukia. Alinisalimu vizuri na kuulizia hali ya mama. Lakini mwanawe alipomwambia habari yetu, alisimamisha cherehani akasema, "Mutoto ya fundi ya rangi iko muzuri. Lakini utakula kwa bazazi yake, mu sufuria yenye ilipika nguruwe?" Kisha akaendelea kushona.

Na hakutusingizia. Baba alimchorea kibao mwuza nyama ya nguruwe wa mtaa wetu, akalipwa kwa nyama, na harufu yake ilivuka barabara mpaka kwenye baraza. Kwetu watu wasiokula pamoja hawawezi kuoana, wala hakuna haja ya kulijadili. Kwa hiyo jibu la mzee lilikuwa hapana, na mimi nilijua, na kijana alijua.

Baba naye alijua. Nadhani ndiyo sababu alimweka mzee katikati kabisa ya picha, kofia nyeupe kichwani, amekaa bega kwa bega na mama yangu. Alitaka kumpa heshima mbele ya watu wote.

Picha ilipokwisha, watu walitoka kazini moja kwa moja wakaja kutazama. Kila mmoja alijitafuta akajiona. Walichekana masikio, walichekana matumbo, ikawa furaha tupu. Halafu jirani yetu mmoja, mama wa Kasai aliyeuza mikate ya mafuta, akasimama mbele ya sahani. Aliinua mkono wake wa kuume, akautazama. Akainua wa kushoto, akautazama.

"Fundi," akasema, "sababu gani sisi bote tunakula na kushoto?"

Tukatazama. Kweli kabisa, ukuta mzima, mikono yote iliyozamishwa katika bukari ilikuwa ya kushoto.

Kosa kama lile mchoraji peke yake ndiye anayeweza kulifanya. Siku zote za kuchora, baba aliweka bakuli la bukari juu ya kiti, akashika burashi kwa mkono wa kuume, na mkono uliobaki akautia bakulini ili autazame. Nilimwona kwa macho yangu, akijisifu jinsi alivyopata hata mikunjo ya vidole. Mikunjo alikuwa ameipata, ila ya mkono usiofaa.

Mkono wa kushoto una kazi yake, na kwa jambo hilo makabila yote ya kambi yalikuwa na neno moja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona wakikubaliana. Wanaume waliopigania mpira Jumapili sasa walikuwa bega kwa bega, wakimwuliza baba kama aliwaona wao hawana wazazi waliowafunza. Mkuu wa kambi akasema sikukuu iko karibu: mikono itengenezwe, au ukuta upakwe chokaa.

Mzee akavuka barabara wa mwisho. Alijitazama pale katikati, na kofia yake, akila kwa kushoto mbele ya dunia. Hakupaza sauti. "Fundi, mi nilikukosea nini?" akauliza, akarudi kwenye cherehani yake. Niliingia nyumbani nikalia, kwa sababu kama kulikuwa na mlango mdogo uliobaki wazi, baba alikuwa ameufunga kwa burashi.

Asubuhi baba alifuta mikono yote. Akatangaza kwamba safari hii atachora mkono wa kila mtu kwa kumtazama mwenyewe, akiwa anakula kweli, kwa kuume, pale pale mbele ya ukuta. Mama akasikia maana ya neno hilo kabla ya wengine.

"Weye njo unakosea, na mi njo ninapika?"

"Njo vile," baba akasema.

Alinung'unika kutwa nzima, mama yangu, kuhusu unga, kuhusu makaa, kuhusu wanaume wenye mikono miwili na akili moja. Lakini siku ya pili alikwenda sokoni akarudi na sufuria mbili mpya, bado zina karatasi ya dukani. Aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, mbele ya ukumbi, akapuliza, na aliposema alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo.

"Hizi ziko mupya. Hii ya bukari, hii ya samaki ya kaka yangu ya Kilwa, ku ziwa Mweru. Kintu ingine haitaingia."

Ng'ambo, cherehani haikusimama.

Watu wakaja, mmoja mmoja, wakanawa, wakala, baba akachora. Mwuza nguruwe alipokuja kukaa, alileta furushi la nyama kama zawadi. Mama alimrudisha nalo nyumbani, na aliporudi mikono mitupu akamnawisha kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. "Mama, unataka kunioa ao kunichora?" akauliza yule bwana, na watu wakacheka, mama hakucheka. Nilimtazama anavyofunika sufuria zake upesi upesi, nikaelewa anamfanyia nani kazi ile. Nilimpenda mama siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Hatimaye kila mtu ukutani alikuwa na mkono wake isipokuwa mzee wa kofia nyeupe. Kwake mkono wa kanzu ulifika juu ya sahani ukaishia hapo, hakuna kitu. Watani wakapata la kusema: oh, huyu ni kilema, oh, wenzake wamemla vidole. Mimi nilimwomba baba atume mtu kumwita. Akakataa. "Muntu mukubwa habamwite kula," akasema, na akakaa kusubiri, akitengeneza kucha za watu waliokwisha malizika.

Mzee akaja mchana, utepe wa kupimia shingoni. Alisimama kando ya mbabula. Mama akafunua sufuria bila kuambiwa.

"Samaki ya wapi?"

"Ya Kilwa, Muzee."

"Na mafuta?"

"Ya mawese tu."

Akainama, akanusa, akakaa. Mimi ndiye niliyemletea maji ya kunawa, na nilimtazama yeye badala ya birika, nikammwagia viatu. Akavuta miguu nyuma. Alitaja jina la Mungu, akamega bukari kidogo, akachovya. Alipomega mara ya pili, tonge lilikuwa la mtu mwenye njaa. Baba alikuwa akichora kwa nguvu, ulimi nje. Sahani ilipokwisha, baba akarudi nyuma, akautazama ukuta, akatikisa kichwa.

"Haiyaisha, Muzee. Jua imehama. Labda kesho."

Kesho yake mzee akaja tena. Na siku iliyofuata. Siku moja alimletea mama limau, akisema samaki yule analitaka.

Sasa, mkono ule ulikwisha siku ya kwanza. Ulikuwa mzuri kuliko yote, na alama ya subana ya kushonea kwenye kidole cha kati. Nilimkuta baba jioni, watu wamekwisha ondoka, ameshika kitambaa chenye petroli, anaufuta kidole kwa kidole, polepole. Nikamwuliza anafanya nini.

"Nyamaza," akasema. "Mi njo fundi. Mi njo ninajua mukono imeisha ao haiyaisha."

Siku moja kabla ya sikukuu, mkuu wa kambi alipita asubuhi, akagomba. Mchana mzee alikula kama kawaida. Alinawa, akajipangusa kwa leso, akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Fundi, ile mukono haiyaisha?"

"Haiyaisha, Muzee."

"Haitaisha," akasema mzee, bila kutabasamu. Akasimama, akaweka utepe wake shingoni, akamgeukia mama. "Mama, kesho nitakuya na bandugu yangu. Beko bengi. Sufuria itatosha?"

Kwetu mwanaume anayekuja na ndugu zake kwenye nyumba yenye binti huja kwa jambo moja. Mama, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu wa kambi ile, alishika mwiko, akauweka, akaushika tena.

"Itatosha, Muzee," akasema.

Alasiri ile baba aliuchora mkono ule kwa mara ya mwisho, na jioni ilipofika hakuchukua kitambaa.