Dakika Arobaini za Mate ya Innocent

Anatoli wa Katoro alikuwa na kazi moja ya maana duniani, nayo ni kuchovya karatasi. Pale kwenye mitambo ya marudio, ambako mchanga uliokwisha kuchenjuliwa hulowekwa tena na dawa kwenye matenki ili utoe dhahabu iliyobaki, yeye ndiye aliyepima kila saa kama maji yameanza kuwa na asidi. Karatasi ikitoka bluu, anaondoka kwa maringo. Bluu ikififia, anamwaga chokaa. Miaka kumi na moja hakuharibu tenki hata moja. Alichoharibu ni mdomo wake.

Mtu huyu hakuwa anakula, alikuwa anadonoa. Asubuhi anatia shavuni kipande cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anakimumunya mpaka adhuhuri. Kisha soda moja, anayoinywa kwa vijifunda hadi jioni. Magego manne yalipokwisha kung'olewa, daktari wa meno alimweleza kinagaubaga: kila anapotia kitu cha sukari au wanga mdomoni, asidi inapanda, na mate yanahitaji nusu saa au zaidi kuishusha.

"Wewe mate yako huyapi nafasi," alisema daktari. "Kula, maliza, funga mdomo."

Mtu mwingine angefunga mdomo. Anatoli alikwenda nyumbani na karatasi za kazini, akajipima, akaona njano, dalili ya asidi, akakaribia kulia. Alitaka kujitibu kwa kijiko cha chokaa, kama tenki. Mkewe Agatha akamnyang'anya, akamwuliza kama anataka kuzikwa na magego yaliyobaki. Basi akageukia watu, akiwahubiria wasidonoe na wayape mate nafasi. Alipima majirani, akapima kwaya nzima ya kigangoni, akapima dereva wa bodaboda kabla ya kupanda. Kuna watu waliobadilisha njia, na mimi siwalaumu.

Ndipo Innocent, fundi pikipiki wa Runzewe, alipokuja na mshenga wake, mzee Nkwabi, kumposa Jenifa, binti wa Anatoli. Jenifa ni kitinda mimba, naye peke yake ndiye aliyebaki nyumbani. Wageni wakapewa soda, wakanywa. Anatoli akatoa karatasi.

"Tema hapa, kijana."

"Shikamoo baba," alisema Innocent, aliyekwisha kuamkia mara mbili, akatema.

Ikatoka rangi ya chungwa.

"Huyu atakuwa kibogoyo kabla ya mtoto wa kwanza," alisema Anatoli, kwa furaha ambayo hakuificha vizuri. "Posa nimeikataa."

Mzee Nkwabi alikwisha kukataliwa kwa sababu ya ng'ombe, kwa sababu ya ukoo, na mara moja kwa sababu ya mbwa. Kwa mate, ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshaanza kutafuta kofia yake Jenifa alipoingia.

"Baba, amekunywa soda yako sasa hivi. Si mate yapewe nafasi? Mpime tena baada ya dakika arobaini."

Sheria ilikuwa yake mwenyewe, angeikataaje? Wakakaa. Watu wazima watano sebuleni, hakuna anayekula, hakuna anayekunywa, wote wakimtazama Innocent akimeza mate. Agatha aliangalia saa ya ukutani. Mzee Nkwabi alisali kidogo. Anatoli tu ndiye aliyekuwa na chupa yake ya soda chini ya kiti, akiinama kila mara kama anayekuna mguu.

Dakika zikatimia. Innocent akatema, karatasi ikawa kijani safi, bila asidi.

"Sasa na baba," alisema Jenifa, akamnyooshea nyingine. Alikuwa ameiona chupa.

Anatoli akatema. Ilikuwa rangi ya chungwa kabisa.

"Siku zote unamwambia kila mtu asidonoe. Leo umekunywa yote kwa vijifunda. Kwa nini, baba?"

Anatoli aliigeuzageuza karatasi vidoleni.

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba yake itakuwa kijani."

Hakuna aliyecheka, hata mzee Nkwabi. Agatha akaiondoa chupa, akamletea mumewe maji, na Jenifa akaketi karibu na baba yake mpaka alipoyamaliza.