Udaga Nilioufunua

Dada yangu wa Bunda ndiye aliyerithi maisha yangu ya Musoma. Nilimpelekea makochi, runinga, mashine ya juisi niliyoitumia wiki moja, cherehani iliyoshona foronya moja tu tangu inunuliwe, na raba za mazoezi ambazo soli zake zilikuwa bado mpya. Alivipokea mlangoni huku anacheka.

"Na huko Butiama kwa mama utakaa mpaka lini? Mpaka Jumapili?"

"Nakaa moja kwa moja."

"Mbio za sakafuni, mdogo wangu," akasema, wala hakuhangaika kuimalizia methali.

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Kila mwaka nilikuwa mtu mpya kwa mwezi mmoja. Niliacha sukari, nikairudia. Nilianza kukimbia alfajiri kando ya ziwa, mvua ya kwanza ikanirudisha kitandani. Nilikuwa karani wa shule, na hata ofisini walinijua kwa kubandika chai na kuondoka kabla haijachemka. Safari hii mkataba ulipokwisha sikuomba mwingine. Nilitaka vitu vichache na kazi moja ambayo ningeifikisha mwisho, na kazi hiyo nilikwisha kuichagua: shamba la mihogo la mama, lile la kando ya majabali. Nililitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Magoti ya mama yalikuwa yamechoka, na jirani alikuwa ameomba kulikodi. Nilipomwambia nalitaka mimi, alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Kulima kila mtu analimaga," akasema. "Mi nataka kuona udaga wako. Ukitoka mzuri, shamba shika. Ukiharibika, jirani anakuja mwisho wa mwezi, nampa. Na usininunie."

Udaga ndio ugali wetu. Mihogo michungu inamenywa, inarundikwa na kufunikwa kwa majani ya migomba mpaka ivunde na kuota ukungu. Kisha inakwanguliwa na kuanikwa juu ya jabali hadi ikauke, ndipo itwangwe. Ukifunua mapema, joto linatoka na mihogo inabaki migumu, uchungu wake ndani, na uchungu ule unaweza kumlaza mtu. Haya yote niliyajua tangu utotoni. Kujua hakujawahi kunisaidia.

Nilirundika, nikafunika, nikakaa. Nikasimama. Nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kesho yake asubuhi nilifunua kidogo, pembeni tu, nione kama kuna kitu kimeanza. Jioni nikafunua tena, na siku iliyofuata nikafunua bila hata kujidanganya kwamba ni kidogo. Mama alikuwa anapita na ndoo yake kama hanioni.

Siku ya kukwangua alichukua kipande, akajaribu kukivunja. Hakikuvunjika.

"Tupa."

"Vyote?"

"Vyote. Fukia, mbuzi wasifike."

Nilichimba shimo huku nalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Ulikuwaga hivi tangu mtoto," mama akasema akiwa juu ya shimo. "Uji uko jikoni, we unachovyaga kidole. Haya, mihogo bado ipo. Rundika tena. Na usifunue."

Nina kanga mbili zilizoandikwa subira yavuta heri, na sijawahi kuziamini. Mara ya pili sikujaribu kuwa na subira. Nilijaribu kuwa mbali. Mkono ukiwasha, nashika jembe. Nilipalilia mpaka nikawa napalilia mahali pasipo na magugu. Nilichota maji mpaka mapipa yakajaa, nikapanga upya mawe ya mpaka wa shamba, na kila nilipoinua kichwa macho yalikwenda kwenye lile rundo la majani. Nilikuwa nikilichukia kabisa.

Asubuhi moja nilitoka kabla ya jua, nikamkuta mama amepiga magoti kando ya rundo, yale magoti yake mabovu, mkono wake juu ya majani. Alishtuka kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari.

"Mama! Si ulinikataza?"

"Kufunua ndio nilikukataza. Mi nagusaga tu kwa juu, nasikia joto."

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe." Akaangalia pembeni. "Nisipogusa, sili."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Miaka yote nilidhani utulivu wake alizaliwa nao. Akauchukua mkono wangu, akauweka pale. Majani yalikuwa na joto kama paji la uso la mtoto anayeanza homa. Vidole vyangu vilitaka kufunua. Nilimwambia hivyo.

"Vyangu pia," akasema. "Viache vitake."

Jirani alikuja mwisho wa mwezi kama mama alivyosema. Mama alimkaribisha chakula kwanza, sato na ugali mweusi unaovutika, wa lile rundo langu la pili. Mimi nilikaa kando ya mama, sikumeza kitu. Mguu wangu ulikuwa unatikisika chini ya meza, vyombo vinalia.

Jirani alikata tonge, akachovya, akala. Akakata jingine.

"Udaga huu umekaa vizuri," akasema. "Wa nani?"

"Wa mwenye shamba," mama akajibu, na chini ya meza akanikanyaga mguu ili utulie.