Managu ya Dirishani

Kila nikichuma managu, mboga yetu ya majani, dirishani kwangu wakati wa baridi, vidole hubaki na ile harufu chungu ya majani mabichi, nami narudi kwenye fleti yetu ya ughaibuni, mtaa wa Shard End.

Mama alipanda mbegu alizofungiwa na nyanya, mama yake, kwenye pindo la leso. Alizipanda katika mkebe wa aiskrimu, dirishani pa jikoni. Jioni, akitoka kazini alikowahudumia wazee, aliyagusa majani kabla hata ya kuvua koti.

"Yakitosha sufuria, tutakula na ugali," aliniambia kwa lugha ya kwao. Nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu.

Siku moja alikuja rafiki yangu wa darasani. Alipoyaona alicheka, akasema kwao hayo ni magugu ya sumu, na bibi yake huyang'oa. Nilishikwa na aibu. Kabla ya kulala nilifungua dirisha, nje kukiwa na baridi ya barafu, nikavuta pazia.

Asubuhi majani yalikuwa meusi, yamelegea kama yaliyochemshwa. Mama aliyatazama, akafunga dirisha polepole. Kisha akanitazama mimi. Alimpigia nyanya simu, sauti kwenye spika.

"Mama, nisamehe. Mbegu zako nimeziua mwenyewe. Nilifungua dirisha moshi utoke nikikaanga vitunguu, nikasahau kulifunga."

Nyanya alimpa pole, akasema hakuwa amebakisha nyingine.

Nilikuwa kwenye kochi, hatua tatu tu kutoka kwa Mama, na nilielewa kila neno. Nikaongeza sauti ya televisheni.