Vuna ya Bibi Leokadia

Nakumbuka asubuhi niliyoitikia "ndiyo" upesi mno, mwanangu, na ndiyo hiyo ikanizungusha hadi Kasulu na kurudi. Nilikuwa msichana wa rika lako, nimesimama uani kwetu Ujiji na ndoo mkononi, na mgeni wetu Bibi Leokadia alikuwa anafunga mzigo wake. Nakusimulia leo kwa sababu jana ulikuja hapa Gungu, ukakitazama kichaka changu cha mlangoni, ukaniambia, "Bibi, nikiolewa unipe hiki, nije na jembe niking'oe chote nikapande kwangu Katubuka." Nilicheka, sikukujibu. Jibu lenyewe ni refu, kwa hiyo kaa vizuri.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, watu walipokuwa wanavuka kutoka Burundi kwa mitumbwi na kwa miguu, na pwani yetu ikajaa mafurushi na watoto. Bibi Leokadia hakuwa mgeni kabisa kwetu. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa dagaa, na kabla ya vita alikuwa akivuka kupeleka dagaa upande wao wa Burundi. Kila akichelewa huko alilala nyumbani kwa mama huyu, akala chakula chake, akaoga maji yake. Basi vita vilipomtoa kwake, naye akaulizia Ujiji nyumba ya baba, akaletwa mpaka mlangoni. Baba alimpokea kwa mikono miwili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi kweli tulipona, utasikia.

Hakuja na sufuria wala godoro. Alikuja na kopo la maziwa ya unga, ndani yake udongo, na katika udongo kijiti chenye majani ya kijivu, laini ukiyashika kama blanketi la mtoto mchanga. Mama yangu alinong'ona, "Maskini, vita vimemchanganya, amekimbia na gugu." Lakini kijiti kile kilipandwa uani, nyuma ya jiko, mahali pa kokoto ambapo hata mchicha ulitushinda. Kiangazi kilipofika na majani yote mjini yakawa rangi ya vumbi, chenyewe ndipo kikachangamka. Kikatoa maua ya manjano, madogo, petali zake kavu kama karatasi, ukiyagusa yanachakacha. Ukilichuma ua leo, mwakani liko vile vile, rangi yake haijatoka. Jina la kwao sikulishika. Sisi nyumbani tulikiita Sinyauki, na hilo ndilo jina unalolijua wewe.

Sasa sikiliza kilichomfanya akimbie na kopo. Katika ukoo wao, binti akiolewa, mama yake humpa tawi la kichaka cha mlangoni. Si nguo, si kikapu; tawi. Naye hulipanda kwake, na binti yake naye hupewa kutoka hapo. Bibi Leokadia alikuwa na binti mmoja, Spesioza, aliyekuwa amechumbiwa vita vilipoanza. Walipotezana njiani. Watu walisema kundi lake lilielekea Kongo. Mama akabaki na kopo na deni la tawi. Alikuwa akikichungulia kile kichaka kila asubuhi kabla hata hajanawa uso, na mimi nilikuwa nikimwonea huruma.

Halafu likaja tangazo kwamba wakimbizi waliokaa mjini wahamie kambini, upande wa Kasulu. Hiyo ndiyo asubuhi ya ndoo niliyokuambia. Kukihamisha kichaka katikati ya kiangazi hakutaka, alisema kitakufa njiani. Akanishika bega, akaniita mwananje, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao.

"Mwananje, nakuachia wewe. Mvua zikikaribia, uvune. Umesikia? Vuna, uniletee."

"Ndiyo, bibi," nikasema.

"Usingoje mvua kubwa. Vuna mapema."

"Ndiyo, bibi. Nitavuna."

Unaona lilipojificha kosa? Huoni, kwa sababu na wewe ni mtoto wa mjini kama nilivyokuwa mimi. Sisi wa Ujiji tulijiona wenye Kiswahili chetu, safi, cha kurithi. Kiha tuliwaachia watu wa milimani, na Kirundi, ndugu yake, tulikisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Angekuwepo Muha mmoja pale uani angecheka papo hapo. Hakuwepo. Nikabaki na "vuna" yangu ya Kiswahili, nikaifunga moyoni kama amana.

Mawingu ya kwanza yalipoonekana juu ya milima ya Kongo, nikavuna. Weee, nilivuna! Nilichukua kisu cha mama, nikayachuma maua yote, yaliyofumbuka zamani na ya juzi, sikuacha hata moja. Nikayafunga mafungu kwa ukambaa, nikayaning'iniza kichwa chini ndani ya chumba. Nyumba ikanukia nyasi na asali. Mashoga zangu walikuja kuomba, nikawanyima wote. Niliwaambia hii ni mali ya watu.

Shangazi yangu alikuwa ameolewa Kasulu, na baba akaniruhusu niende kumsaidia kupanda maharage, nikipata nafasi nimpelekee Bibi Leokadia amana yake. Nilisafiri na yale maua mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Kambini nikaulizia, nikaelekezwa, nikamkuta amekaa nje ya kibanda chake anapanga kuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwananje! Yoo, umekuja!" Akanikumbatia, akayapokea maua, akayatazama, akatazama nyuma yangu kama anatafuta mzigo mwingine. "Agashami kari hehe?"

"Nini, bibi?"

"Tawi. Tawi liko wapi?"

"Tawi? Ulisema nivune. Nimevuna yote, bibi, sikuacha hata moja."

Akainama, akaokota kijiti katika zile kuni, akakishika mbele ya macho yangu, akakikata kwa vidole viwili: *kwa!* "Vuna," akasema. Akaokota kingine. *Kwa!* "Vuna." Akakinyoosha kile kipande kwangu, na mimi nikaelewa. Kwao kuvuna ni kuvunja. Alikuwa amenituma nivunje tawi nilitie kwenye udongo, mimi nimemletea shada la harusi lisilo na bibi harusi.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaanza kulia. Yeye alinitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka majirani wakatoka kwenye vibanda vyao, na kila aliyekuja alihadithiwa upya kwa Kirundi, naye akacheka. Nikajikuta na mimi nacheka na machozi yangu usoni. Baadaye, wale walipoondoka, akanikalisha karibu, akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Neno si kosa lako, mwananje. Hata mimi sikujua kwamba lina mama wawili. Lakini ulisema ndiyo mara mbili. Mtu akikupa kazi ya moyo wake, usimpe ndiyo kwanza. Mwulize: nionyeshe kwa mkono."

Hilo ndilo karipio, na halikuwa na kelele. Nililibeba zaidi kuliko fimbo yoyote niliyopigwa.

Kisha akachukua maua yale makubwa yaliyokomaa, akayasugua baina ya viganja. Petali zikadondoka, na katikati kukabaki vinyoya na mbegu, ndogo kama vumbi la ugoro. Akagawa mara mbili. Nusu akaifunga kwenye pindo la khanga yangu, nusu akabaki nayo. "Hizi usizifukie," akaniambia, na safari hii alinionyesha kwa mkono kweli, juu ya mchanga wa mlangoni pake. "Zinataka kuona jua. Zimwage juu, zikandamize kwa kiganja, nyunyiza maji kama unayemrushia kuku mtama. Ukizionea huruma kwa maji, umeziua."

Niliporudi Ujiji mvua zilikuwa zimenitangulia. Baba alikuwa ameezeka jiko upya kwa bati, na maji ya bati jipya yalikuwa yakimwagika pale pale nyuma, juu ya kichaka. Kilikuwa kimeoza shina zima, nikalivuta likatoka mkononi bila ubishi. Kilichoyashinda majua yote ya kiangazi kiliuawa na mchirizi wa jiko. Nilikaa pale matopeni nikaliwaza lile kopo lilivyovuka mpaka, na Spesioza ambaye sikuwahi kumwona, na moyo ukaniuma sana. Halafu nikakumbuka pindo la khanga.

Mwanangu, laiti ningalimwelewa, ningalivunja vijiti vichache, navyo pengine vingalifia njiani. Kwa kuwa sikumwelewa, mbegu zilikuwepo. Sikuambii hivyo ujivunie kutosikia. Nakuambia kwa sababu Mungu ni mwema, na mara nyingine huokota hata kile tulichokosea akakitia mfukoni mwake.

Nilizimwaga juu ya mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, katika karai bovu, chini ya dirisha mahali pasipo na mchirizi. Nikakandamiza. Nikanyunyiza. Nikajizuia, jambo gumu kuliko yote, kwa maana sisi wa Ujiji tukipenda kitu tunakilisha na kukinywesha mpaka kishindwe kupumua. Vikaota vijani vya kijivu. Vilipofika urefu wa kidole nikavihamishia kwenye kokoto nyuma ya jiko, mbali na mchirizi wa bati, vikashika.

Miaka ikapita, mimi nikaolewa huku Gungu, kichaka kikabaki kwa mama. Nikaja kusikia kwamba upande wa kambini mbegu ziliota zikakanyagwa na mbuzi. Kwa hiyo duniani kote, kwa nilivyojua mimi, kichaka cha ukoo ule kilikuwa kimoja, na kilikuwa nyuma ya jiko la mama yangu.

Amani ilipotengemaa, watu wakaanza kurejea. Siku moja mama akatuma mtu kwangu: njoo haraka, una wageni. Nikakuta uani Bibi Leokadia, amezeeka, kichwa cheupe, na kando yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Sikuhitaji kuambiwa. Spesioza alikuwa amefuata habari za mama yake kutoka Kongo mpaka kambini, na sasa walikuwa wanapita mjini, kwenda kupanda meli warudi kwao.

Bibi Leokadia hakuketi. Alikwenda nyuma ya jiko, akasimama mbele ya kichaka, akatikisa kichwa, kisha akageuka kwangu na uso wa utani.

"Mwananje," akasema, "vuna."

Nikachagua tawi changa lisilo na ua, la shubiri moja. *Kwa!* Nikampa Bibi Leokadia, naye akampa binti yake. Spesioza alilipokea kwa mikono miwili, akalibusu, tukalia wote, na mama yangu aliyekiita gugu alilia kutushinda sote.

Wakati wanaaga, yule bibi akarudi nyuma ya jiko peke yake. Nikasikia *kwa!* ya pili. Akaja akanitia tawi mkononi. "Uliolewa sikuwepo," akasema. "Na wewe ni binti yangu. Panda mlangoni."

Ndicho hiki, mwanangu.

Kwa hiyo usije na jembe. Ukiking'oa, utakuwa na kichaka kimoja kilichokufa Katubuka na shimo moja Gungu. Njoo mvua zikikaribia, na mkono mtupu. Nitakuvunjia tawi lisilo na ua, utalipukutisha majani ya chini, ulitie kwenye mchanga kivulini, umwage maji kidogo kisha uondoke, uende ukafanye mambo mengine. Hata maua ya kupamba nyumba utachuma, ila mengine uyaache yakomae, huijui siku utakayohitaji mbegu. Na huko uendako utakuta mume na wakwe na majirani, kila mmoja na vuna yake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mtu akikupa neno la moyo wake, usiwe mwepesi wa ndiyo kama mimi. Sema: nionyeshe kwa mkono.

Mungu akupe nyumba isiyovujiwa, na mlango unaogongwa na wageni, na binti wa kukuambia siku moja, "Mama, vuna." Amina. Sasa inuka ukanichotee maji, ya kunywa mimi. Kichaka kiache.