Tulimtengea Kikombe, Tukagawana Pumzi

Mwanangu, ipo siku naikumbuka, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, japo kichwa kimejaa mvi. Jana mjukuu wangu Yustina alikuwa anatoka kwenda kazini dukani, anatetemeka kwa homa, anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikamuuliza kulikoni asipumzike. "Bibi, bosi amesema asiyekuja leo asije tena." Nikamrudisha kitandani. Maneno hayo niliyasikia ujanani, na najua yalizaa nini.

Nilikuwa binti, nachambua maharage kwenye ghala la tajiri mmoja hapa Sumbawanga. Mwezi wa sita upepo wa Ufipa hauna huruma, kwa hiyo tulifunga madirisha yote, mlango tukauegemezea gunia. Ndani vumbi tupu, kila mtu anakohoa. Mwenzetu Deo, mpakiaji, alikohoa kutuzidi wote, akakonda mpaka suruali akawa anaifunga kwa kamba. Akaomba ruhusa aende hospitali. Tajiri akacheka: "Hilo vumbi tu! Ukienda, nafasi yako ina watu." Deo ana watoto, angefanyaje? Akabaki.

Nasi tukajiona wajanja. Togwa ya ulezi tulikuwa tunainywa kwa kata moja, inazunguka. Tukamtafutia Deo kikombe chake cha bati, na chakula akawa anakula peke yake kwenye kona. Basi, tukaona tumemaliza kazi. Kikombe mbali, pua zote ndani ya chumba kimoja kilichofungwa! Ujinga gani huo? Mwenzetu tulimnyima heshima, na ugonjwa hatukuuzuia hata kidogo.

Kulikuwa na Veronika, akichambua huku kambeba mwanawe mgongoni. Mtoto akaanza kukohoa, akakataa ziwa, akalazwa. Kifua kikuu. Madaktari wakauliza nani anakohoa nyumbani. Hakuna.

Ndipo mama yake Veronika, Bibi Skolastika, aliyekwisha kusimuliwa na binti yake habari za Deo, akaja kutoka Kaengesa, moja kwa moja hadi ghalani. Sote tukamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Mzee akikunyima marahaba, mwanangu, heri angekuchapa. Akalivuta lile gunia, akafungua mlango, akasukuma madirisha yote, kisha akamgeukia tajiri.

"Umefunga baridi isiingie, kikohozi umekifungia humu na mjukuu wangu! Huyu kijana kakuomba ruhusa, umemnyima. Mtoto akifa, utakuja msibani kusema ni vumbi?"

Halafu sisi: "Na nyie mnaomtenga kwa kikombe, nani kati yenu kamsindikiza hospitali?"

Akamshika Deo mkono, wakatoka.

Mtoto alipona. Deo alianza dawa, lakini mapafu yalikuwa yameshaharibika; tulimzika mvua za kwanza zilipoanza. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini Deo hakuficha! Alisema, akanyamazishwa, na hilo linaniuma hadi leo.

Sasa sikia. Ukiwa na homa na kikohozi, baki nyumbani, na kazini toa taarifa mapema. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapime makohozi, usingoje kukonda. Ikibidi kukaa na watu, vaa barakoa, kohoa kwenye kiwiko, madirisha yawe wazi. Baridi ikiuma, sweta zipo. Aliyeanza dawa, daktari akimruhusu kurudi, mpokee ule naye sahani moja. Na wewe mwenye watu chini yako, mgonjwa akiomba ruhusa mpe, na nafasi yake umtunzie. Usidhani utasalimika ofisini kwako; mchuma janga hula na wa kwao.

Mungu akujalie kifua kizima, mwanangu. Na siku kikikusumbua, akujalie bosi mwenye masikio, na wenzako wa kukushika mkono ungali hai.